Ulandanishi wa Mifuatano: Kuzisoma Kingamwili kwa Safu

Ukibandika mifuatano ya kingamwili kadhaa kwenye programu ya mtandaoni kama Clustal Omega, kila mmoja ukitanguliwa na alama ya > na jina lake, unarudishiwa mistari ya herufi iliyopangwa ili kila herufi isimame chini ya mwenzake. Kila herufi ni asidi amino moja. Kazi hiyo naiita ulandanishi wa mifuatano. Wapo wanaoandika “ulinganishaji”, nami siafiki, kwa sababu kulinganisha huja baadaye: huwezi kusema herufi fulani imebadilika kabla hujajua ni ipi katika mstari wa pili inayoshika nafasi ile ile. Kulandanisha ndiko kunakozipa herufi nafasi.

Aliyezoea mashairi ya kimapokeo ataelewa upesi. Vina vya kati na vya mwisho hushuka safu moja, na kwa vina hivyo jicho hujua mstari umekaa sawa. Kingamwili huundwa kwa minyororo mizito na myepesi. Katika sehemu badilifu ya mnyororo mzito, yenye asidi amino zipatazo 120, vina ni sisteini mbili (C) zilizofungamana, na tiriptofani (W) iliyo kati yake. Programu huweka nyota chini ya safu isiyobadilika, nukta mbili chini ya safu ya asidi zinazokaribiana sana kwa tabia, na nukta moja zikikaribiana kidogo.

Mwaka 1970, Tai Te Wu na Elvin Kabat walipanga hivyo mifuatano ya minyororo myepesi, wakaona mabadiliko yamesongamana katika sehemu tatu tu. Wakatabiri kwamba hapo ndipo kingamwili inapoishika antijeni. Picha za eksirei za fuwele zilikuja kuwathibitisha. Ugunduzi mkubwa namna hiyo ulitokana na kupanga herufi kwa safu!

Mnyororo mzito nao una sehemu tatu kama hizo, na kila moja ni kitanzi. Shida iko kwenye kitanzi chake cha tatu, ambacho urefu wake hutofautiana mno. Tuseme tuna mifuatano hii miwili:

CARDRGYYFDYWGQG
CARDYFDYWGQG

Wa pili umepungukiwa herufi tatu, kwa hiyo lazima pawe na pengo, nalo huandikwa kwa vistari. Programu ya kawaida, inayotafuta herufi zinazofanana, itaelekea kuandika CARD---YFDYWGQG. Kanuni ya IMGT ya kuzipa nafasi namba, iliyoasisiwa Montpellier, Ufaransa, huweka pengo katikati ya kitanzi: CARDY---FDYWGQG. Itazame Y ya kwanza. Katika mpango wa kwanza iko upande wa kulia wa pengo, chini ya Y mwenzake. Katika wa pili imehamia kushoto, chini ya R. Kingamwili ni ile ile, ila hesabu ya mabadiliko si ile ile tena. Kwa kitanzi hiki mimi nafuata IMGT, kwa sababu ncha mbili za kitanzi ndizo zilizotia nanga kwenye protini, na urefu huongezeka juu, katikati.

Pengo kubwa nalo lisifutwe kwa haraka. Watafiti waliochunguza damu ya watu wa eneo lenye malaria nchini Kenya walikuta kingamwili zilizobeba karibu asidi amino 100 za protini nyingine, LAIR1, kati ya vipande vinavyotokana na jeni za V na DJ. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2016. Ukizilandanisha na kingamwili za kawaida, mistari mingine yote hupasuka pengo refu linalofanana na kosa la maabara. Kumbe kipande hicho cha kigeni ndicho kinachoshika protini za RIFIN, ambazo kimelea cha malaria huzitandaza juu ya chembe nyekundu za damu.

Basi mwandishi wa Kiswahili anayechapisha ulandanishi wa kingamwili ataje programu aliyotumia na kanuni ya namba aliyoifuata. Bila hayo mawili, msomaji hawezi kujua “nafasi ya 108” ni ipi.