Lugha za mtiririko wa data

Lugha za mtiririko wa data ni lugha za kompyuta ambamo kila amri hutekelezwa mara tu data inazozihitaji zinapofika, bila kungoja zamu. Programu huchukuliwa kuwa mtandao: vifundo ni hesabu, mishale ni njia za data. Katika x = a + b, y = c − d na z = x × y, hesabu mbili za mwanzo hazitegemeani, hivyo prosesa mbili zaweza kuzifanya kwa pamoja; ya tatu husubiri majibu yao. Mtunzi wa programu hahitaji kuagiza mgawanyo huo.

Chimbuko

Mwaka 1966 Bert Sutherland wa MIT aliwasilisha tasnifu kuhusu programu za kuchorwa kwenye skrini. Jack Dennis, wa chuo hicho hicho, alichapisha lugha yake ya kwanza ya mtiririko mwaka 1974. Baadaye ikaja VAL, lugha nyingine ya aina hiyo. Lucid, lugha ya Ashcroft na Wadge, ni ya 1976.

SISAL

SISAL ndiyo lugha ya mtiririko iliyokaribia zaidi kuitikisa Fortran, lugha ya jadi ya hesabu za kisayansi. Ilitokana na VAL, ikatangazwa 1983 na maabara ya Lawrence Livermore, Chuo Kikuu cha Manchester, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na kampuni ya Digital. Manchester tayari walikuwa na mashine yao ya mtiririko tangu 1981.

Katika SISAL kigeu hupewa thamani mara moja tu. Sharti hilo huondoa ugomvi wa prosesa mbili kuandika mahali pamoja, lakini lina gharama: kubadili kipengele kimoja katika safu ya vipengele 1,000,000 ni kuunda safu nyingine nzima. Kompaila ya SISAL iliyoundwa na David Cann ilipunguza mno hasara hiyo. Ilitambua safu ya zamani isiyohitajika tena, ikaandika juu yake. Mwaka 1992 Cann alichapisha makala iliyouliza kama Fortran istaafishwe, akionyesha programu za SISAL zikishindana nayo kwa kasi kwenye kompyuta za Cray. Fortran haikustaafu. Wanasayansi walikuwa na programu zao za Fortran za miaka mingi, na mradi wa Livermore ulikoma katika miaka ya 1990.

Matumizi

LabVIEW ya National Instruments (1986), ambamo programu huundwa kwa kuunganisha nyaya kwenye skrini, imeenea katika maabara za vipimo. Lustre, lugha ya Grenoble nchini Ufaransa, ilizaa SCADE, zana inayotumika katika mifumo ya kuongozea ndege za Airbus. TensorFlow ya Google (2015) ni maktaba, si lugha kamili, ila nayo hupanga hesabu kwa mtandao wa aina hiyo hiyo.