Amri ya 1974 na vipimo vya kale vinavyofufua gemu za sarafu

Amri iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara ilitimiza miaka 50 mwaka 2024. Huku Mara, kuanzia Bugwema hadi Butiama alikozaliwa Mwalimu Nyerere, Rais wa wakati huo, amri hiyo ni sababu mojawapo kwa nini wazee wa leo hawana kumbukumbu ya kutumbukiza sarafu kwenye mashine ya gemu ujanani mwao.

Kwingineko historia ilikwenda mbio. Atari ya Marekani ilitoa Pong mwaka 1972. Space Invaders ya Taito ya Japani ikafuata 1978, Asteroids 1979, na Pac-Man ya Namco 1980.

Hapa kwetu kisa kilianzia Hazina. Mtafiti Klodwig Mgaya, katika utafiti wake uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 1994, anaeleza kuwa kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye mashine, mfumo ukashindwa, vitabu vikavurugika na fedha zikapotea. Mwaka 1974 Serikali ikafunga mlango, na televisheni ikafungiwa nje pamoja na kompyuta. Zanzibar haikuufuata mkondo huo: katika miaka hiyohiyo ilikuwa na televisheni ya rangi. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo.

Unaweza kuielewa hasira ya Hazina. Lakini mlango uliofungwa uliwazuia pia mafundi. Vijana ambao wangejifunza kufungua bodi ya prosesa walibaki na redio, na wenzao ng'ambo wakapata shule nzima kwenye mashine hizo za gemu.

Vifaa vya shule hiyo bado vinafanya kazi. Mwaka 1977 Hewlett-Packard ilitoa kipimo cha 5004A. Fundi anagusa mguu wa aisi (IC) kwenye bodi, nacho kinaonyesha alama nne za kulinganisha na zile zilizochapwa kwenye mchoro wa saketi. Zikitofautiana, anarudi nyuma aisi moja moja mpaka aipate inayopokea alama sahihi na kutoa mbovu. Hiyo ndiyo ya kung'oa.

Fluke, ambayo mafundi umeme wetu wanaijua kwa mita zake, ilitoa 9010A mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fundi anachomoa prosesa kwenye soketi na kuchomeka kebo ya kifaa mahali pake. Kifaa kinajifanya prosesa: kinatafuta njia za data zilizogusana, kinaandika na kusoma kumbukumbu, kisha kinakagua kama programu iliyomo kwenye ROM imeharibika. Bodi iliyokufa kabisa, isiyowasha hata picha, inaweza kupimwa hivyo.

Ukale wa vipimo hivi haupunguzi kitu. Prosesa ya Pac-Man, Z80, hupiga mapigo yapatayo milioni 3 kwa sekunde. Osiloskopu ya Tektronix 465 ya mwaka 1972 huona mawimbi ya hadi megahezi 100. Ndiyo maana wapenzi wa gemu hizo Ulaya na Marekani wanavitafuta vipimo hivyo, wanavibadilishia kapasita zilizokauka, na kuvirudisha mezani.

Sisi leo tunaingiza simu na televisheni tutakavyo, na zikiharibika tunabadilisha bodi nzima au tunazitupa. Marufuku imeondoka, lakini ufundi iliouchelewesha haukuja wenyewe pamoja na bidhaa. Chuo cha ufundi chenye osiloskopu ya zamani stoo kisiipeleke kwenye vyuma chakavu. Kiitengeneze kwanza, kwa kufuata mchoro wake, mbele ya wanafunzi. Kazi hiyo ni somo la muhula mzima, na haihitaji kibali cha kuagiza chochote.