Vanilini: Kutoka Makonyo hadi Hamira

Vanilini, kemikali inayolipa tunda la vanila sehemu kubwa ya harufu yake, ilitengwa mwaka 1858 na Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley, wakati kilimo cha vanila katika Bahari ya Hindi kikitegemea mbinu ya Edmond Albius, mtumwa wa kisiwa cha Réunion, ambaye mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, alionyesha jinsi ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Kazi hiyo, iliyopaswa kurudiwa ua kwa ua, iliifanya vanila iwe ghali, na ughali huo uliwasukuma wanakemia kuitafuta harufu yake kwingineko.

Mwaka 1874 Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza vanilini Ujerumani kutokana na koniferini, dutu iliyomo katika utomvu wa misonobari. Kabla karne hiyo haijaisha viwanda vilikwishageukia eujenoli, kiini cha mafuta yanayokenekwa kutoka karafuu na makonyo yake, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, na hivyo zao kuu la Unguja na Pemba likaingia katika biashara ya vanila pasipo mche hata mmoja wa vanila. Soko hilo halikudumu: katika miaka ya 1930 viwanda vya Amerika Kaskazini vilianza kuitoa vanilini katika maji machafu ya viwanda vya karatasi, yenye lignini inayoshikamanisha nyuzi za mti, kisha ikafuata zamu ya petroli.

Mwaka 2009 mtafiti Esben Hansen na wenzake walipandikiza katika hamira ya mikate jeni za kuvu inayoota kwenye mavi ya wanyama, za bakteria na za binadamu (mchanganyiko ambao shamba lisingeuzaa kamwe), nayo hamira ikageuza glukosi kuwa vanilini. Zao lilikuwa dogo, miligramu 45 kwa lita, na tena vanilini ni sumu kwa seli inayoizalisha. Kwa hiyo, katika hamira ya aina nyingine waliyoitumia pia, waliongeza jeni ya mmea mmoja mdogo inayoifunga vanilini kwa sukari na kuipunguzia ukali. Mvanila wenyewe hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana tunda bichi halinukii mpaka lianikwe na kuvundikwa, sukari ile ikaachana na vanilini.

Mwaka 2021 watafiti wa Edinburgh walitumia bakteria aina ya E. coli kuitengeneza vanilini kutokana na plastiki ya chupa zilizotupwa.