Aliyevaa jezi ya madoa mekundu, kisha akatoka kimya kimya

Alhamisi tarehe 9 Julai 2015, mjini Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, kijana wa miaka 26 kutoka Eritrea alipanda jukwaani akavikwa jezi nyeupe yenye madoa mekundu. Jina lake Daniel Teklehaimanot. Jezi hiyo hupewa anayeongoza kwa pointi za kupanda milima katika Tour de France, mbio za baiskeli zilizoanza mwaka 1903. Katika miaka yote hiyo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuivaa. Siku hiyo hakushinda hatua. Alichomoka mapema kutoka kundi kubwa, akatangulia kwenye vilima vya njiani, pointi zikatosha.

Alikaa nayo siku nne za mashindano. Miaka mitatu baadaye, mwisho wa msimu wa 2018, alikuwa ametoka katika timu za Ulaya. Hakuwa mzee, alikuwa anatimiza miaka 30, umri ambao wapanda milima wengi bado wana nguvu zao zote. Wapenzi wengi wa mchezo huu walitambua kwamba ameondoka pale tu walipotafuta jina lake kwenye orodha za timu za mwaka 2019 na kulikosa.

Huko Nyangezi, ambako baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, ni chombo cha kubebea mzigo kabla ya kuwa cha mchezo, habari hii inaeleweka haraka. Anayesukuma mzigo kwenye mpando wa Ngomo, kwenye barabara ya kwenda Kamanyola, anajua kwamba nguvu ya miguu si shida ya kwanza. Shida ni nani anakulipa ukifika juu, na kama kesho atakuita tena.

Teklehaimanot alizaliwa tarehe 10 Novemba 1988 huko Debarwa, kusini mwa Asmara. Eritrea ni nchi ya baiskeli kwa sababu ya historia chungu. Waitaliano waliitawala, wakaleta baiskeli na mashindano yake, lakini wenyeji walizuiwa kushindana nao. Mwaka 1939 wakubwa wa ukoloni waliruhusu mashindano ya kupima nguvu kati ya Waitaliano na Waeritrea, wakitarajia kuonyesha nani bora. Aliyeshinda ni Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Mwaka 1946 yakaanza mashindano ya kuizunguka nchi yenyewe. Baadaye vita virefu vya uhuru vilivunja mambo mengi, lakini baiskeli haikutoka Asmara, na mashindano hayo yakafufuliwa mwaka 2001.

Teklehaimanot ni mtoto wa urithi huo. Alipelekwa Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha mafunzo cha shirikisho la baiskeli la dunia, UCI. Mwaka 2009 alimaliza wa 6 katika Tour de l'Avenir, mbio za vijana ambako timu kubwa huenda kutafuta mabingwa wa kesho. Mwaka 2010 alikuwa bingwa wa Afrika, na mwaka huo huo akashinda Tour du Rwanda. Hayo ni mashindano ambayo wakaaji wa Bukavu wanayajua, kwani hatua zake zimewahi kufika Rusizi, ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Mwaka 2012 aliingia timu ya Australia, GreenEDGE, akawa Mweritrea wa kwanza katika timu ya daraja la juu kabisa, na wa kwanza kushiriki Vuelta ya Hispania.

Lakini tayari hapo ugumu ulionekana. Mwenzake aliyezaliwa Ubelgiji huamka asubuhi, hupanda gari, hufika kwenye mashindano. Mweritrea huanza na ubalozi. Kulikuwa na vipindi ambapo Teklehaimanot alikwama nyumbani akingoja viza huku wenzake wakishindana. Katika mchezo huu, miezi miwili bila mashindano si mapumziko. Mwili hupoteza kasi ya kundi, na meneja wa timu huanza kuzoea kupanga kikosi bila wewe.

Aliyemfikisha Tour de France ni MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini. Mwaka 2015 ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kualikwa kwenye mbio hizo, na ilikwenda na Waeritrea wawili, Teklehaimanot na Merhawi Kudus. Mwezi mmoja kabla, Teklehaimanot alikuwa ametwaa taji la milima katika Critérium du Dauphiné. Mwaka 2016 akalitwaa tena. Kwa hiyo ile jezi ya Le Havre haikuwa bahati ya siku moja.

Aliipoteza tarehe 14 Julai, milima ya Pyrénées ilipoanza. Aliyeichukua ni Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli huko Kikuyu na David Kinjah. Jezi ilitoka kwa mtoto wa Debarwa ikaenda kwa mtoto wa Nairobi. Lakini tazama njia zao baada ya hapo. Juni 2019 Froome aligonga ukuta akifanya mazoezi, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Mwaka 2020, akiwa na miaka 35 na bado hajarudi kwenye ubora wake, alipata mkataba mpya wa miaka kadhaa na timu ya Israel. Ni kweli, Froome alishinda Tour mara nne, na jina kama hilo huuzwa hata mguu ukiwa na vyuma. Teklehaimanot hakuwa na jina la aina hiyo. Alikuwa na siku nne, mataji mawili ya milima ya Dauphiné, na siku chache za jezi ya milima mwanzoni mwa Giro ya Italia mwaka 2017.

Mwisho wa mwaka huo wa 2017 aliachana na timu iliyomlea, ambayo sasa iliitwa Dimension Data. Akaenda Cofidis ya Ufaransa kwa msimu wa 2018, na huo ndio ulikuwa wa mwisho.

Hapa inafaa kueleza namna mchezo huu unavyofanya kazi, maana watu huona jezi hawaoni mkataba. Mwendesha baiskeli hana mshahara wa kudumu. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Timu huishi kwa fedha za mdhamini na huhesabu pointi za UCI, na pointi hupata anayemaliza mbele. Anayefungua njia upande wa upepo, anayebeba chupa za maji na kuwagawia wenzake, anayechomoka asubuhi ili jina la mdhamini lionekane kwenye televisheni, huyo huchoka bila pointi. Kazi ya Teklehaimanot kwa sehemu kubwa ilikuwa hiyo. Tena, kuanzia mwaka 2018 kila timu kwenye mbio kubwa za wiki tatu ilipunguzwa kutoka waendeshaji 9 hadi 8. Nafasi zilipopungua, hazikupungua kwa nyota.

Wapo wanaoondoka ghafla kwa hiari yao. Mjerumani Marcel Kittel, mshindi wa hatua 14 za Tour de France, alivunja mkataba wake Mei 2019, na Agosti akatangaza kwamba ameacha. Alikuwa na miaka 31. Alieleza kwamba hamu imekwisha, na kwamba hakutaka kumwona mtoto wake akikua kupitia skrini. Tom Dumoulin wa Uholanzi, bingwa wa Giro ya 2017, alisimama kwanza mwaka 2021 akitafuta kujua anataka nini maishani, akarudi, kisha mwaka 2022 akaacha kabisa. Dunia ilishangaa, magazeti yakaandika kurasa nzima. Hakuna sababu ya kuwabeza, kwani uchovu wa moyo ni uchovu. Ila wao walifunga mlango kwa mkono wao, na ufunguo ulibaki mfukoni.

Kwa Waafrika wa ukanda huu mlango hufungwa kwa namna nyingine. Timu ya Afrika Kusini iliyowafungulia wengi ilibadilisha wadhamini na majina, kisha mwisho wa 2021 ikakosa fedha ikatoka daraja la juu. Wengine walichagua kutoka kwa njia isiyo ya mchezo. Samuel Mugisha, Mnyarwanda aliyeshinda Tour du Rwanda ya 2018, alikwenda Marekani kushindana mwaka 2022, na timu yake ikatangaza kwamba haijui alipo. Kuna waliokasirika. Lakini familia zilizotoka makwao na mfuko mmoja mkononi hazihitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kuacha kazi aliyoipenda, na hata heshima aliyoipata, kwa sababu ameona mbele hakuna kitu.

Adrien Niyonshuti alipata njia tofauti. Alizaliwa Rwamagana mwaka 1987, na katika mauaji ya kimbari ya 1994 alipoteza ndugu zake sita. Alishinda Tour du Rwanda ya 2008, akapata mkataba Afrika Kusini, akabeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki za London 2012 na Rio 2016. London alishindana kwa baiskeli ya milimani, akamaliza wa 39. Mwaka 2013, bado akiwa mchezaji wa kulipwa, alianzisha shule ya baiskeli kwao Rwamagana. Hakungoja timu imwambie kwamba amekwisha. Kwa mtu aliyeona mambo mengi yakikatika ghafla utotoni, labda hilo halishangazi.

Kuna jambo halipaswi kurukwa. Kwa wengi wa Kivu Kusini, mashindano yanayopigwa picha kwenye vilima vya Rwanda hayatazamwi kwa moyo mweupe. Februari 2025, mwezi ambao M23 waliingia Bukavu, Tour du Rwanda ilianza kama ilivyopangwa, na timu moja ya Ubelgiji, Soudal Quick-Step, ikajiondoa kwa sababu ya usalama. Septemba mwaka huo Kigali ikapokea mashindano ya ubingwa wa dunia, ya kwanza kufanyika Afrika. Anayeyasikiliza kwenye redio akiwa kwenye nyumba ya kuhifadhiwa ana haki ya kuizima. Lakini waendeshaji wenyewe, awe wa Asmara au wa Rwamagana, hawakuchora mipaka wala hawakutuma askari.

Kuhusu Teklehaimanot, mengine yalionekana baadaye. Mwaka 2015 mjini Asmara kulikuwa na kijana wa miaka 15 aliyetazama Tour de France kwenye televisheni pamoja na baba yake. Aliona jezi ya madoa mekundu mgongoni mwa mtu wa nchi yake. Kijana huyo, Biniam Girmay, alishinda Gent–Wevelgem mwaka 2022, na tarehe 1 Julai 2024 alishinda hatua ya Tour mjini Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alishinda nyingine mbili, akafika Nice na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Girmay ana kile ambacho mtangulizi wake hakuwa nacho: pointi nyingi, na timu zinazomtafuta. Teklehaimanot mwaka huo alikuwa na miaka 35.