SOMO LA HISTORIA: NYONGA ILIYOTEGUKA

Leo twataka kujua jinsi watu walivyojifunza kurudisha nyonga iliyoteguka.

Kwanza tukifahamu kiungo chenyewe. Kunjeni ngumi ya mkono wa kulia, kisha ifunikeni kwa kiganja cha kushoto. Ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja. Kiganja ni kikombe cha nyonga. Vimeshikwa pamoja kwa kano nene na misuli yenye nguvu. Kwa hiyo kichwa hakitoki ila kwa kishindo kikubwa, kama kuanguka toka mtini au ajali ya gari. Mara nyingi hutokea nyuma. Hapo mguu huwa mfupi, na goti hukunjika na kugeukia ndani.

Miaka 2,400 hivi iliyopita, mganga Hippocrates wa Uyunani aliandika juu ya jambo hili. Njia yake moja ilikuwa kumning'iniza mgonjwa kichwa chini, kisha mtu mwenye nguvu kupitisha mkono kati ya mapaja yake na kujitundika hapo kwa uzito wake wote. Aliandika pia kwamba nyonga isiyorudishwa humwacha mtu kiwete.

Kwa karne nyingi waganga walitegemea nguvu tu. Tazameni habari ya Charles Lowell, wa mji wa Lubec huko Marekani. Mwezi wa Septemba 1821 farasi alimwangukia, nyonga ikateguka. Waganga wa kwao walimvuta, wakadhani imerudi. Kumbe haikurudi. Mwezi wa Desemba alikwenda Boston kwa Daktari John Collins Warren. Huko alivutwa kwa kamba na kapi, naye yu macho, kwani dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumiwa hospitalini. Haikufaa kitu, miezi mitatu ilikuwa imekwisha pita. Lowell aliwashtaki waganga wa kwao, lakini kesi iliisha mwaka 1824 bila ya yeye kupata ushindi wa mwisho. Alibaki kiwete hata alipokufa mwaka 1858.

Mwaka 1846, katika hospitali ile ile ya Boston, Daktari Warren yule yule alimpasua mgonjwa aliyelazwa kwa etha. Mtu akilala hivyo, misuli yake hulegea. Kisha mwaka 1869 Daktari Henry Jacob Bigelow wa Boston alitoa kitabu chake. Alionyesha ya kwamba mbele ya nyonga pana kano imara yenye umbo la herufi Y. Mguu ukivutwa ukiwa umenyooka, kano hukaza na kuzuia mfupa. Paja likiinuliwa na goti kukunjwa, kano hulegea, na mfupa huweza kurudi bila kutumia nguvu nyingi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alivumbua eksirei, na madaktari wakaweza kuuona mfupa kabla ya kuugusa.

Basi, historia hii yatufundisha nini? Kwamba nyonga hairudi kwa ubavu, bali kwa maarifa na kwa kuwahi. Kichwa cha mfupa kikikaa nje, damu yake hupungua na chaweza kufa. Madaktari hutaka kukirudisha kabla ya saa 6 kupita.

Kwa hiyo, mtu akiumia nyonga, msimvute wala msimkande. Huenda mfupa umevunjika, nanyi mtazidisha madhara. Msimnyooshe mguu, utegemezeni kwa mito au nguo kama ulivyo. Msimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akapewa nusu kaputi. Mlazeni juu ya ubao, mkampeleke hospitali upesi.

MASWALI YA DARASANI
1. Kwa nini Daktari Warren hakuweza kumponya Lowell?
2. Etha ilileta msaada gani?
3. Jirani akitaka kumvuta mgonjwa mguu, mtamwambia nini?