Mwendokasi ya Dar es Salaam: barabara peke yake haitoshi

Kila mara tunapozungumza hewani juu ya ambutiyaji ya Lubumbashi, hakukosi msikilizaji mwenye kupiga simu na kuuliza: yale mabasi ya Dar es Salaam, kwetu hayawezi kuja? Wengi wameyaona kwa macho yao. Wafanyabiashara wetu wanaenda kununua vitu Kariakoo, na kontena zao zinatoka bandari ya Dar, zinapita Tunduma, zinavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Wakirudi wanasimulia bei ya nguo, kisha wanasimulia mwendokasi.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwendokasi si basi tu, ni basi pamoja na barabara yake. Katikati ya Morogoro Road kuna njia mbili zilizoachiwa mabasi hayo, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na gari ingine haina ruhusa ya kuingia. Kituo nacho kiko pale katikati. Sakafu yake iko sawa na mlango wa basi, hivi mama mwenye mtoto mgongoni ao mzee mwenye fimbo hapandi ngazi. Feza inalipwa kituoni, mbele ya kupanda. Hakuna reseveri wa kuning'inia mlangoni akiita watu, wala basi haingoji ijae ndipo iondoke. Ukihesabu dakika zinazopotea mu taksi-basi zetu, utaona nyingi hazipotei njiani. Zinapotea pale pa kungojea watu na pale pa kubishana juu ya chenji.

Hapa njo tofauti na Kinshasa. Leta ilianzisha Transco mwaka wa 2013, na mabasi yake makubwa yalisaidia watu wengi. Lakini yanapita mu njia moja na magari yote. Basi kubwa ikikwama nyuma ya lori, ni watu wengi zaidi wanakwama pamoja, basi.

Dar haikufika pale kwa siku moja. Wakala wa serikali wa kusimamia kazi hii, DART, uliundwa mwaka wa 2007. Banki ya Dunia ilikopesha feza za sehemu ya kwanza: kilometa karibu 21, kutoka Kimara mpaka Kivukoni kwenye feri, na matawi mawili, moja Gerezani karibu na Kariakoo, ingine Morocco (ni jina la mtaa, si ile inchi ya Waarabu). Mabasi yalianza kubeba watu mwezi wa tano 2016, miaka tisa kisha wakala kuundwa. Rais Magufuli alizindua rasmi mwezi wa kwanza 2017. Safari ya Kimara mpaka katikati ya mji, yenye ilikuwa inakula masaa mawili wakati wa msongamano, ilishuka chini ya saa moja. Mwaka wa 2018 mji ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Na wenye daladala, yaani taksi-basi za kule? Waliondolewa kwenye barabara ile na kupelekwa njia zingine. Ila hawakufukuzwa tu mikono mitupu: kampuni ya kwanza ya kuendesha mabasi, UDA-RT, iliundwa na shirika la zamani la UDA pamoja na vyama vya wenye daladala. Kwa mawazo yangu, hapa ndipo miji yetu ingetazama sana. Taksi-basi ya Lubumbashi mara nyingi ni mali ya mtu mmoja, na shofere wake anadaiwa versema kila mangaribi. Ukileta mabasi bila kuzungumza na hao, unajenga vita.

Sasa shida. Huduma ile ilianza na mabasi 140, na iliitwa ya mpito. Mpango wenyewe ulitaka zaidi ya 300. Wakati huo mji haukungoja: hesabu ya watu ya 2012 ilipata wakaaji zaidi ya milioni 4.3, ya 2022 ikapata zaidi ya milioni 5.3. Basi ya 140 nayo inachakaa, vipuri vinakosa. Watu walianza kusimama saa nzima mu kituo kizuri, mbele ya barabara nzuri, tupu.

Kulikuwa tena kosa la mahali. Gereji ya mabasi ilijengwa Jangwani, mu bonde la mto Msimbazi. Mvua ikinyesha sana, maji inajaa pale, na zaidi ya mara moja mabasi yenyewe yaliharibika ndani ya maji. Barabara ikifungwa Jangwani, laini nzima inakatika. Mtu wa mtaa ule angeweza kuwaambia mainjinia njia ya maji bila kulipwa.

Lakini fundisho kubwa liko Mbagala, upande wa kusini. Sehemu ya pili, kilometa zaidi ya 20, ilijengwa kwa feza za Banki ya Maendeleo ya Afrika. Kazi ilianza 2019. Barabara ikakwisha, vituo vikasimama, na mabasi hayakuweko. Watu wa Mbagala waliendelea kubanana mu daladala pembeni ya njia yenye hakuna kitu, mpaka mabasi yalipofika mwaka wa 2025. Sababu ni kwamba kujenga ni kazi ya mkopo na kampuni ya ujenzi, lakini kuendesha kunaomba mtu wa kununua mabasi, na huyo anataka kujua kwanza: bei ya tiketi itaamuliwa na nani, feza zitakusanywa na nani, na gari za wakubwa zikiingia mu njia yake, nani atazitoa?

Msikilizaji mwenye kuuliza kama mwendokasi inaweza kuja Lubumbashi, maswali hayo matatu njo ya kupelekea meya na gavana, mbele hata ya kuuliza barabara gani.