Uwanja wa ndege uliohama mita 300

Jamani, wiki mbili hizi nimekuwa fundi wa viwanja vya ndege. Mshahara sifuri, usingizi sifuri. Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu wa Flight Simulator X, ule mchezo wa Microsoft wa mwaka 2006 wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Mashine yangu ni kuukuu, haiubebi ule wa 2020 unaovuta picha za dunia nzima kutoka kwenye intaneti. Sasa, ndani ya mchezo wangu uwanja wa mkoani kwetu ni kipande cha lami katikati ya majani mabichi ambayo hayajawahi kuota kule. Nikasema, naujenga mwenyewe.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unatafuta picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani, unaandika kwenye faili dogo latitudo na longitudo ya pembe yake ya kaskazini-magharibi pamoja na ukubwa wa kila nukta, halafu programu inaikata vipande na kuitandika chini kama mkeka. Juu yake ndipo unaweka njia ya kurukia, majengo na miti.

Njia ya kurukia sikutaka kuikisia. Nilikuwa na ramani ya zamani ya serikali, ya kipimo cha 1:50,000. Nikasoma humo latitudo na longitudo za ncha zote mbili, nikaziingiza, nikaruka ili nije kutua. Lahaula! Njia yangu imelala porini, kama mita 300 kaskazini ya ile inayoonekana kwenye picha, na imesogea magharibi kama mita 90. Nikapima upya. Yale yale.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Sikujiuliza mara mbili, nilishahukumu kwamba ramani yetu ndiyo mbovu. Picha ya satelaiti ni ya wakubwa, itakoseaje? Nikaanza hata kuandika makala ya kulalamika (mwandishi wa habari aliyekosa usingizi ni mtu wa hatari). Bahati nzuri pembeni mwa ramani kuna maandishi madogo ambayo watu hawayasomi, na yanataja Arc ya 1960.

Hilo ni tao, na lina hadithi ndefu. Mwaka 1879 Mskoti David Gill alikwenda Cape kuongoza kituo cha kutazama nyota. Akaota ndoto ya kupima mstari mmoja kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30 mashariki, ile inayopita jirani na Kigoma na Kigali. Satelaiti hakuna. Unapima mstari mmoja ardhini kwa utepe wa chuma, kisha unapanda kilima, unalenga kilima kingine kwa theodolaiti na kusoma pembe. Pembetatu inazaa pembetatu. Usiku taa, mchana vioo vya kurudisha mwanga wa jua. Na vyuma vile havikupanda vileleni vyenyewe, vilipanda kwa migongo ya wapagazi. Uganda walipima 1908 na 1909. Tanganyika ikafuata miaka ya 1930, kazi ya Mwingereza Martin Hotine. Pengo la mwisho, Sudan, lilizibwa na Wamarekani mwaka 1954, Gill akiwa kaburini miaka 40.

Hesabu zote zilianzia Buffelsfontein, karibu na Port Elizabeth (tangu 2021 ni Gqeberha), kwa umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Umbo hilo liliikaa Afrika yetu vizuri, ila kitovu chake kimepishana na kitovu halisi cha dunia kwa zaidi ya mita 300. WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS na pia na mchezo wangu, unaanzia kitovu halisi, kwa kuwa ndicho satelaiti zinachokizunguka. Kwa hiyo jiwe lile lile lina anwani mbili, na zote ni sahihi. Mimi ndiye niliyesoma anwani ya mtaa mmoja nikaenda kubisha hodi mtaa mwingine.

Msidhani ni mambo ya mchezo tu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka WGS 84 kuwa kipimo cha wote kuanzia tarehe 1 Januari 1998, maana rubani aliye ndani ya wingu hawezi kuuliza uwanja umeandikwa kwa hesabu za nani. Na huku chini, mtu akichukua namba za ramani ya zamani, akaziweka kwenye simu na kwenda kutafuta bikoni ya shamba la marehemu babu, atasimama kwenye shamba la jirani. Watu wanafikishana mahakamani kwa hatua mbili, sembuse mita 300!

Makala ya malalamiko nimeifuta. Namba nimezibadilisha, na njia imerudi karibu na picha, ikabaki tofauti ya mita kumi na kitu ambayo nimeisukuma kwa mkono, nikilenga mistari myeupe ya mwanzo wa njia. Jana usiku nimetua mara tatu. Mara ya tatu bila kuvunja kitu.